Shimo la Sita

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Keekee alikagua vyuma vyake. Alivitandaza juu ya turubai mlangoni, akavipaka grisi kimoja kimoja, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Keekee, kama kile chombo cha seremala cha kutobolea mbao, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoboa ardhi.

Hakuchimba visima. Alichimba mashimo membamba ya kupimia udongo. Mtu akitaka kujenga nyumba ya ghorofa, mhandisi humtuma Keekee kwanza. Keekee husimamisha mtambo wake wa miguu mitatu, hutoboa chini mita kumi au kumi na mbili, kisha hutia udongo wa kila mita kwenye mfuko wake. Mhandisi akishaupima udongo huo, ndipo anapojua nyumba itahitaji msingi wa namna gani.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na miwili. Hakuisomea popote. Aliiokota kwa kuangalia wengine. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyemzungushia winchi ya kushushia na kuinulia vyuma.

Shimo likiisha, walilifunga kwa njia yao. Keekee alisukumia udongo ndani kwa buti, mara tatu au nne, halafu akaruka juu yake kidogo.

"Limelala," alisema.

"Lisiamke," aliitikia shemeji.

Wakacheka, wakabeba vyuma, wakaondoka.

Mkewe alikuwa dobi. Alifua uani kwa maji ya kisima cha mtaa, kile cha pampu ya mkono kilichotumiwa na nyumba zote za pale. Yeye ndiye aliyeisikia harufu kwanza.

"Baba watoto, njoo unuse shuka hili."

"Ninuse shuka? Nimekuwa mbwa?"

"Nusa, bwana."

Keekee akanusa. "Mafuta ya taa."

"Humu ndani sina mafuta ya taa. Na shuka nimelisuuza mara tatu. Sasa nusa na ndoo."

Ndoo nayo ilinuka.

Wiki ile wateja walianza kurudisha nguo. Wiki iliyofuata watoto wa Mama Pacha, jirani wa nyumba ya tatu, walitoka malengelenge midomoni. Walitapika siku nne mfululizo. Walipotoka zahanati walikuwa wamekonda hivi kwamba mama yao aliwabeba wote wawili kwa mkono mmoja.

Watu wa afya walikuja na chupa, wakachukua maji, wakaenda kuyapima. Waliporudi walibandika karatasi kwenye pampu. Maji yalikuwa na mafuta ya magari. Waliung'oa mpini wa pampu, wakafunga mnyororo na kufuli. Kuanzia siku hiyo maji ya mtaa yalitoka kwenye kisima cha zahanati, kule bondeni, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi na ndoo kichwani.

Mafuta yalitoka wapi? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengi walitaja gereji ya zamani iliyokuwa juu ya mtaa. Mafundi wa pale walimwaga oili chafu ardhini kwa miaka thelathini.

"Lakini miaka yote hiyo hatukunusa kitu," alisema Mama Pacha. "Kwa nini sasa? Gereji yenyewe imeshavunjwa."

Kweli ilivunjwa. Kiwanja kilinunuliwa na mtu aliyetaka kujenga ghorofa. Na aliyekuja kupima udongo wa kiwanja hicho, kabla ya mvua zilizopita, alikuwa Keekee.

"Si wewe ulichimba pale?" mkewe alimuuliza.

"Nilitoboa. Sikumwaga mafuta."

"Nakumbuka ovaroli yako ya siku zile. Maji ya beseni yalitoa rangi za upinde wa mvua. Ukaniambia ni grisi ya mtambo."

"Ilikuwa grisi."

Mkewe alikunja shuka, akaliweka pembeni.

Mwezi ule ule ikatoka amri ya serikali. Kila mtoboa ardhi alitakiwa kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu katika chuo cha ufundi. Asiye na cheti hatapewa kazi. Keekee alifoka nyumba nzima.

"Miaka ishirini na miwili! Leo nikafundishwe kutoboa! Na kitambi hiki nitakaa dawati gani?"

"Kaa hilo hilo la watoto," alisema mkewe. "Likikubana utasikiliza."

Shemeji alikataa katakata. "Mimi nazungusha winchi. Winchi haina cheti."

Keekee akaenda peke yake.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kwa Keekee kwa miaka kama kumi na mitano. Alivaa buti za mpira hata darasani. Wanafunzi wake, wote wanaume wenye mikono migumu, walimpa jina siku ya kwanza: Mama Tope. Alilisikia, akalipokea.

"Afadhali Mama Tope kuliko Mama Vumbi," alisema. "Vumbi halionyeshi kitu."

Siku ya pili aliweka mezani sanduku la kioo. Chini kulikuwa na mchanga safi uliolowa maji. Juu ya mchanga kulikuwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi, nene kama kiganja. Juu ya mfinyanzi kulikuwa na mchanga mwingine.

"Huu wa chini ndio mchanga wenye maji tunayokunywa," alisema. "Huu mfinyanzi ni mfuniko. Haupitishi kitu. Sasa angalieni."

Alimimina oili nyeusi juu. Oili ikazama kwenye mchanga wa juu, ikafika kwenye mfinyanzi, ikasimama. Walingoja. Haikushuka.

"Inaweza kukaa hapo miaka mingapi?" aliuliza Mama Tope.

"Mingi," alisema mmoja.

"Mingi sana. Haya, nani ni mtoboaji hapa?"

Wote wakacheka. Alichukua sindano ya kufumia, akaichomeka kutoka juu hadi chini, kupita katikati ya mfinyanzi. Akaichomoa. Akarudishia mchanga kidogo kwa kidole, akashindilia.

"Hivi ndivyo mnavyofunga mashimo yenu, au nawasingizia?"

Kisha alinyunyiza maji juu ya sanduku, kidogo kidogo, kama mvua.

Uzi mweusi ulianza kushuka. Ulipita pale pale sindano ilipopita. Ulifika kwenye mchanga wa chini, ukatanda.

Keekee alitazama uzi ule. Aliona pampu yenye kufuli. Aliona watoto wawili katika mkono mmoja.

"Oili haikushuka kwa sababu imemwagwa," alisema Mama Tope. "Imeshuka kwa sababu imefunguliwa njia. Shimo lililojazwa udongo uliochimbuliwa bado ni bomba. Linabaki bomba mpaka lizibwe."

Kisha aliwapa karatasi. "Kila mmoja anichoree mashimo ya kazi yake ya mwisho. Yalikuwa mangapi, yalikuwa wapi, kila mita ilitoa udongo gani."

Keekee alichora kiwanja cha gereji. Alichora shimo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Hapo kalamu ikasimama.

Karatasi aliyompelekea mhandisi wakati ule ilionyesha mashimo sita. Lakini shimo la sita hakulichimba. Siku ile ilikuwa ya mwisho wa juma. Jua lilikuwa kali, na vyuma vilikuwa vimeshafungwa garini. Shemeji alisema, "Udongo ni ule ule, utachimba dhahabu?" Basi wakagawa udongo wa shimo la tano, wakajaza mifuko ya shimo la sita, wakaandika namba juu yake. Halikuwa jambo kubwa. Walikuwa wameshafanya hivyo mara mbili tatu.

Alichora shimo la sita karibu na ukuta wa nyuma, kama alivyoandika zamani.

Jioni alimweleza mkewe habari ya sanduku la kioo. Habari ya shimo la sita hakuigusa.

Mkewe alimsikiliza amesimama, mikono kiunoni, bado ina povu.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Sikujua."

"Sijakuuliza kama ulijua. Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi nafua nguo. Sizibi mashimo. Kesho kamwambie anayeziba. Halafu uje hapa mtaani uwaambie wenye maji yao."

Asubuhi Keekee alimwambia Mama Tope. Mwalimu alichukua ramani, akaweka kidole kwenye gereji, akakishusha taratibu mpaka bondeni.

"Maji ya chini ya ardhi yanatembea," alisema. "Polepole, lakini yanatembea. Yanaelekea huku. Hapa pana nini?"

"Zahanati."

"Wana kisima?"

"Ndicho tunachokunywa sote sasa. Na wanawake wanajifungulia pale."

"Mvua bado wiki mbili," alisema Mama Tope. "Zikikuta mashimo wazi, zitasukuma oili nyingine chini. Hapo kisima cha zahanati nacho kwaheri. Darasa litahamia gerejini. Nyinyi mtajifunza kuziba mashimo ya kweli."

Jioni ile Keekee alisimama kando ya pampu yenye kufuli. Majirani walikuwa wakirudi na ndoo kutoka bondeni. Aliwaambia. Alisema kwa maneno machache, macho chini. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemtukana. Mama Pacha alitua ndoo yake, akamtazama kwa muda mrefu, akaibeba tena akaenda. Afadhali wangemtukana.

Kazi ya gerejini ilianza vibaya. Mwenye kiwanja alikuwa amemwaga kokoto kila mahali. Karatasi ya Keekee haikuwa na vipimo. Iliandikwa tu: mbele, katikati, pembeni, nyuma. Aliyajua mashimo kwa kichwa chake, basi. Alihesabu hatua kutoka getini, akarudi, akahesabu tena. Wenzake walichoma ardhi kwa nondo kutafuta pale palipokuwa laini. Siku mbili zilipita. Walipata matano.

"La sita ndilo baya kuliko yote," alisema Mama Tope. "Liko upande wa bondeni. Maji ya mvua yatatuama pale. Mtambo uhamie nyuma. Tunaanza na hilo."

Mtambo ulikuwa mmoja tu. Waliusogeza hadi ukuta wa nyuma. Wakaondoa kokoto, wakachoma nondo. Hawakupata kitu. Siku ya pili wakachimba kwa majembe. Hawakupata kitu. Wakapanua. Siku ya tatu wanaume wawili walikuwa ndani ya handaki hadi kiunoni, wamelowa jasho. Upande wa bondeni mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, mazito.

Shemeji alikuja kuangalia. Alimvuta Keekee pembeni.

"Kausha," alinong'ona. "Watachoka wenyewe."

"Mvua haitachoka."

"Ukisema, umekwisha. Mhandisi yule hatakupa kazi tena. Na mimi je? Nina watoto wanne, shemeji. Nani anaweza kukushtaki kwa shimo ambalo halipo?"

Keekee aliwatazama wale waliokuwa handakini. Mmoja alikuwa anajifunga kitambaa kwenye kiganja kilichochubuka. Alitazama mtambo. Ulikuwa umesimama juu ya ardhi ambayo haijawahi kutobolewa, huku mashimo matano ya kweli yako wazi nyuma yake.

Aliacha kumsikiliza shemeji. Alikwenda mpaka ukingoni mwa handaki.

"Tokeni," alisema. "Hakuna shimo hapa."

"Umekumbuka lilipo?" aliuliza Mama Tope.

"Halipo. Sikulichimba."

Majembe yakanyamaza.

"Udongo wa mifuko ya sita ulitoka wapi?"

"Kwenye la tano."

"Kwa nini?"

"Tulichoka. Tulitaka kwenda nyumbani."

"Basi?"

"Basi."

Yule mwenye kiganja kilichochubuka alitema mate chini, akapanda juu. Mama Tope alipangusa mikono kwenye suruali.

"Siku tatu," alisema hatimaye. "Rudisheni mtambo kwenye la tano, ndilo linalofuata kwa upande wa bondeni. Wewe utashika mrija wa kuzibia. Cheti usikitazamie mwezi huu."

Walifanya kazi kuanzia alfajiri hadi giza lilipoingia. Kwanza walichimbua upya udongo uliolegea ndani ya kila shimo, mpaka mwisho wake. Udongo uliotoka, unaonuka oili, waliutia kwenye mapipa yenye vifuniko. Vyuma vilioshwa kila vilipotoka shimo moja kwenda lingine, na maji ya kuoshea nayo yalikwenda kwenye mapipa.

Kisha walichanganya uji wa saruji na udongo wa bentonaiti, ule wa unga unaovimba ukilowa. Keekee alitaka kuumimina kutoka juu kwa ndoo.

"Hapana," alisema Mama Tope. "Ukimimina juu, unaacha matundu katikati. Teremsha mrija mpaka chini kabisa. Uji uanze kujaa chini, upande wenyewe. Unavyopanda, nawe unavuta mrija taratibu. Usiache mpaka uone uji safi unatoka mdomoni mwa shimo."

Keekee alivaa glavu, akashika mrija. Alisubiri. Uji mchafu ulitoka kwanza, kisha wa kijivu, kisha ule safi. Kesho yake ulikuwa umeshuka kidogo, wakaongeza.

Mvua iliwakuta kwenye shimo la mwisho. Mkewe alikuja mbio na turubai la kutandazia vyuma. Wanne walilishika pembe nne, na Keekee akapiga magoti chini yake, mrija mkononi. Maji yalitiririka kwenye kokoto pande zote. Mkewe alishika pembe moja. Uji safi ulipotokeza, wote walikuwa wamelowa chepechepe. Hakuna aliyeshangilia.

Habari ya shimo la sita ilimfikia mhandisi. Alisimamisha ujenzi. Mvua zilipokwisha alimwita Mama Tope achimbe shimo la sita la kweli, na Mama Tope akamchukua Keekee amsaidie. Safari hii walitanguliza bomba pana kupita udongo mchafu hadi ndani ya mfinyanzi, wakaliziba pande zote. Wakangoja uji ugande. Ndipo wakaendelea chini kwa chuma chembamba ndani ya bomba lile, ili uchafu wa juu usipate njia; walipomaliza waliziba shimo kama yale mengine.

Mita tano chini walikuta tope jeusi, laini kama uji wa mtoto. Liliendelea hadi mita ya tisa.

Mhandisi alilibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilizama.

"Nguzo nne zilikuwa zikae juu ya hili," alisema. "Nguzo nne, na familia kumi na mbili juu yake."

Akakunja michoro yake, akaondoka. Hakumpa Keekee kazi tena mwaka ule.

Shemeji naye aliacha winchi. Kwa miezi mingi hakukanyaga nyumbani kwa dada yake. Dada mtu alisema, "Atakuja akichoka kununa." Lakini kila gari lilipopita njiani, alichungulia.

Keekee alirudia mafunzo yote, wiki tatu, kwenye dawati la mbele. Akapata cheti. Sasa ana daftari la mashimo. Anaandika vipimo kutoka kwenye nguzo au ukuta, aina ya udongo wa kila mita, harufu, maji yalipoonekana, na shimo lilivyozibwa. Akinusa mafuta, anasimamisha kazi na kumpigia simu mhandisi hapo hapo. Mahali asipochimba anaandika: sikuchimba.

Watu wa afya hupima maji ya zahanati kila mwezi na kubandika majibu mlangoni. Mwaka umepita, mvua mbili zimepita, na maji bado ni safi.

Kisima cha mtaa bado kina kufuli.

Juzi Keekee alikwenda zahanati kuchota maji ya kufulia ya mkewe. Mbele yake kwenye foleni alikuwa Mama Pacha. Alikuwa hajasema naye tangu ile jioni ya pampuni.

Mama Pacha alijaza ndoo yake hadi ukingoni. Akasema bila kugeuka:

"Chetu kitafunguliwa lini?"

"Mwalimu anasema labda miaka kumi. Labda zaidi. Kuziba tumeziba, lakini yaliyokwisha kushuka hayatoki upesi."

"Miaka kumi wanangu watakuwa wanaume."

"Ndiyo."

Mama Pacha alikunja kitambaa, akakiweka kichwani. Alitazama njia ndefu ya kupanda, kisha akatazama ndoo.

"Nitwishe," alisema.

Keekee aliinama, akainyanyua ndoo kwa mikono miwili, akamtwisha polepole ili maji yasimwagike.